Jinsi ya kujitengenezea kitambua mawingu kwa kibanda cha darubini, Arusha au Moshi

Ukiwa na darubini chini ya paa la kuteleza huko Ngaramtoni, Usa River au Kibosho, na kamera inapiga picha yenyewe usiku kucha, kinachokunyima usingizi ni wingu. Saa nane za usiku limeshashuka kutoka mlimani, wewe uko kitandani, na kioo kiko wazi. Kifaa ninachokieleza hapa hutazama juu kwa niaba yako. Kinapima joto la anga, na anga likifunikwa kinaondoa ruhusa ya paa kubaki wazi. Vipande vyake ni vichache, na ujuzi unaotakiwa ni kulehemu kwa risasi na kupakia programu kwenye ubao wa ESP32, kompyuta ndogo yenye Wi-Fi. Kuunganisha waya ni kazi ya jioni moja. Namba ya kuamulia ndiyo itakayokuchukua misimu, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu iko huko.

Kinavyofanya kazi

Kila kitu chenye joto hutoa mionzi ya infraredi. Hewa kavu hutoa kidogo sana kati ya mikromita 8 na 14, ndiyo maana kipimajoto cha infraredi kikielekezwa juu usiku wa nyota husoma baridi kali, mara nyingi chini ya sifuri, hata kama wewe uliyekishika umevaa fulana tu. Wingu zito ni matone ya maji, na matone hutoa mionzi kwa kadiri ya joto lake. Likipita juu, usomaji unapanda ghafla.

Unapanda kiasi gani? Chukua joto la hewa, toa kiwango cha umande (joto ambalo hewa ikipoa hadi hapo umande huanza kutokea), zidisha kwa mita 125: umepata makadirio ya kimo cha kitako cha wingu. Tuseme Arusha jioni hewa ina nyuzi 20 na kiwango cha umande ni 16. Kitako kiko mita 500 juu yako. Hewa inayopanda hupoa karibu nyuzi 10 kwa kila kilomita kabla ya kufikia wingu, basi kitako kina nyuzi 15 hivi. Tofauti kati ya hewa ya chini na wingu ni nyuzi 5. Anga tupu usiku huohuo laweza kutoa tofauti ya nyuzi 15, 20 au zaidi. Kifaa kizima kinaishi ndani ya pengo hilo.

Ukungu ni rahisi zaidi: tofauti inakaribia sifuri, maana wingu limekukalia kichwani.

Mvuke wa maji ndio unaovuruga hesabu. Kihisi tutakachotumia hupokea mionzi ya kati ya mikromita 5.5 na 14, na mvuke hung'aa sana chini ya mikromita 8. Anga safi lenye unyevu husoma joto zaidi kuliko anga safi kavu. Usiku wa Aprili, mvua imekatika na nyota zote ziko nje, kifaa kinaweza kuona anga "la uvuguvugu" na kulidhania wingu jembamba. Kimo nacho kina neno lake. Arusha mjini ni karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi mjini ni karibu 850. Hiyo nusu kilomita ya ziada ya hewa juu ya Moshi ni ile ya chini, inayobeba mvuke mwingi kuliko zote. Kwa hiyo namba inayomfaa jamaa wa Njiro, Arusha, haimfai wa Pasua, Moshi, na namba iliyotoka kwenye jangwa la Arizona haimfai yeyote kati yao.

Yapo pia ambayo kifaa hiki hakiyaoni vizuri. Mawingu membamba ya juu kabisa, yale ya nyuzinyuzi yaitwayo sirasi, ni barafu yenye baridi kali, na yakiwa mepesi tofauti haibadiliki sana. Picha itaharibika, lakini kioo hakitalowa, kwa hiyo mimi nayasamehe. Vumbi na moshi ni shauri jingine. Miwa inapochomwa mashambani kusini mwa Moshi, masizi marefu meusi hudondoka hadi mjini, na kihisi cha infraredi hakitasema neno. Siku hizo funga mwenyewe.

Vitu vya kutafuta

Kihisi chenyewe ni MLX90614 cha kampuni ya Melexis. Kinauzwa kimelehemewa kwenye kibao kidogo kiitwacho GY-906. Angalia herufi za mwisho za jina lake. Chenye BAA kinatazama upana wa digrii 90, chenye BCC digrii 35. Vyote viwili ni vya volti 3, vinavyoendana na ESP32. Herufi ya kwanza ikiwa A badala ya B, hicho ni cha volti 5, muulize muuzaji kabla ya kulipa. Kwa kutazama juu napendelea BAA, maana kinaona theluthi moja hivi ya anga lote kwa mkupuo, na wingu moja dogo linalopita haliwezi kukidanganya.

Unahitaji pia:

- ubao wa ESP32 wa kawaida
- BME280 kwa joto la hewa na unyevu
- kibao cha kuhisi mvua, kile chenye mistari ya shaba iliyosokotana kama vidole
- moduli ya rilei moja (swichi inayoendeshwa na umeme) inayokubali ishara ya volti 3.3
- kibadilisha umeme cha kushusha volti 12 kuwa 5
- boksi la umeme lisilopitisha maji, gundi ya silikoni, rezista ya omu 100 ya wati 5, sahani ndogo nyeupe za plastiki za kuwekea vyungu vya maua, na boliti ndefu za kuzishikilia

Boksi, silikoni na boliti viko katika duka lolote la hadiwea. Vihisi mara nyingi vitatoka Kariakoo na kuletwa kwa basi, au utaagiza mtandaoni. Jihadhari na BME280. Maduka mengi huuza BMP280 kwa jina hilo, na BMP haipimi unyevu kabisa. Ukiitazama kwa karibu, kile kikopo cha chuma juu ya BME ni mraba, cha BMP ni mstatili. Programu nayo inaweza kukutolea ushahidi: BME hujitambulisha kwa namba 0x60, BMP kwa 0x58.

Hatua ya 1: jaribu kihisi mezani

Usikimbilie boksi na silikoni. Unganisha MLX90614 kwenye ESP32 kwa waya nne fupi: umeme kwenye 3V3, hasi kwenye GND, SDA kwenye pini 21, SCL kwenye pini 22. BME280 inaingia kwenye waya hizohizo, kwa sababu anwani zao hazigongani: MLX iko 0x5A, BME iko 0x76 au 0x77. Pakia maktaba za Adafruit za vihisi hivyo viwili kwenye Arduino IDE, endesha mfano uliomo, utazame namba zinavyotiririka.

Namba moja uikariri: 1037.55. Ikitokea kama joto la anga, mbingu haijashika moto. Ni jinsi kihisi hiki kinavyoonekana pale mawasiliano yanapokatika na kila biti inasomeka 1. Waya umelegea, au ni mrefu mno. Njia hii ya mawasiliano haipendi waya wa zaidi ya nusu mita hivi, ndiyo sababu ESP32 yenyewe itakaa juu, ndani ya boksi moja na kihisi, na taarifa zitashuka kwa Wi-Fi. Kuna faida ya pili: masika yana radi, na waya mrefu wa shaba kutoka kwenye mlingoti hadi kwenye kompyuta ni mwaliko.

Sasa kipime kwa barafu. Ponda barafu ujaze bakuli pana, ongeza maji kidogo, koroga, acha itulie. Shika kihisi cha digrii 90 sentimita 3 juu ya uso. Hapo kinaona duara la sentimita 6, kwa hiyo bakuli lazima liwe pana kuliko hapo, la sivyo utakuwa unapima na meza. Kitasoma karibu nyuzi moja juu ya sifuri, kwa kuwa maji huakisi kidogo joto la chumba. Kikisoma 4 au 5, sogea karibu zaidi kabla ya kukilaumu. Mpangilio wa uwezo wa kutoa mionzi uache 1.0 kama ulivyotoka kiwandani.

Usiku ukiingia, toka nacho nje kikiwa kimeunganishwa na kompyuta ya mkononi. Kielekeze juu, kisha kwenye mwembe, kisha kwenye ukuta uliopigwa na jua mchana kutwa. Mwembe utasoma karibu sawa na hewa, ukuta juu yake, anga mbali chini. Ukishaona hivyo kwa macho yako, mengine yote utayaelewa bila kuelezwa.

Hatua ya 2: boksi

Kosa linalorudiwa na wajenzi wengi wapya ni kufunika kihisi kwa kioo ili kisilowe. Kioo cha dirisha hakipitishi mionzi hii. Utakuwa unapima joto la kioo. Akriliki nayo ni hivyohivyo. Polithini nyembamba hupitisha, na zamani kipande cha mfuko wa rambo kingetosha, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na zaidi ya hapo polithini hupauka na kupasuka kwa jua la huku ndani ya muda mfupi. Acha kihisi uchi.

Toboa mfuniko wa boksi tundu la milimita 9 au 10, kikopo cha chuma cha MLX kipite kwa kubana kidogo, uso wake ulingane na mfuniko au uchomoze kidogo tu. Zungushia silikoni pembeni, usiguse kile kidirisha cha katikati. Kidirisha ni sehemu ya kihisi na kinavumilia hali ya nje. Tone likikaa juu yake litasomeka kama wingu, na hilo ni kosa la upande salama. Inamisha boksi digrii 10 au 15 ili maji yateremke, yasitulie.

ESP32 hutoa joto. Iweke chini kabisa ya boksi, kihisi kiwe juu, na kati yao kipande cha povu gumu. MLX hukerwa sana kikopo chake kikipata joto upande mmoja kuliko mwingine, na usomaji hupotoka kwa nyuzi kadhaa. Paka boksi rangi nyeupe. Chini toboa tundu dogo la kutolea unyevu, na lizibe kwa wavu wa mbu, maana nyigu wanaojenga kwa tope hawaachi tundu lolote wazi bila kupanga.

Boksi liwekwe juu kuliko paa na miti. Kihisi cha digrii 90 kinaona hadi digrii 45 kila upande kutoka utosini, na mabati yaliyo ndani ya eneo hilo yatachafua kila usomaji.

Hatua ya 3: joto la hewa

MLX ina kipimajoto chake cha ndani, na utashawishika kukitumia kama joto la hewa. Usikitumie. Kinapima joto la boksi. Jua la saa nane mchana linaweza kulipandisha nyuzi 15 juu ya hewa, na hata baada ya magharibi boksi linapoa polepole.

BME280 ikae nje, kivulini, hewa ikipita. Chukua sahani tano au sita za vyungu, zipindue, zipange juu ya nyingine kwa nafasi ya sentimita 1.5 kwenye boliti tatu. Zote toboa katikati, isipokuwa ya juu kabisa. BME inaning'inia ndani ya uwazi huo, na waya wake unaingia kwenye boksi lililo juu yake, sentimita 30 tu. Hili pagoda dogo linatosha.

Hatua ya 4: mvua

Kibao cha mvua ni kengele ya mwisho tu. Likitua tone, wingu lilikuwa limeshajulikana. Lakini kuna manyunyu ya mlimani yanayosukumwa na upepo kutoka wingu lisilo juu yako, na hapo kibao hiki ndicho kitakachokuokoa.

Kiinamishe digrii 30. Mstari wake wa umeme utoe kwenye pini 25, uuwashe kwa sekunde moja tu wakati wa kusoma, kisha uuzime. Umeme wa moja kwa moja kwenye shaba iliyolowa huila ndani ya msimu mmoja. Usomaji uende pini 34. Usichague pini yoyote kwa bahati nasibu, kwa sababu zile za kundi la ADC2 hazisomi Wi-Fi ikiwa imewashwa, na utatafuta tatizo usiku kucha.

Chini ya kibao bandika ile rezista ya omu 100 na uiunge kwenye volti 12. Hutoa wati 1.44 za joto, zinatosha kukausha umande. Bila joto hilo, Julai nzima kifaa kitalia mvua alfajiri.

Hatua ya 5: maamuzi

Soma vihisi kila sekunde kumi, chukua wastani wa dakika moja, halafu:

tofauti = joto la hewa − joto la anga
kama kuna mvua: FUNGA papo hapo
kama usomaji wowote haueleweki: FUNGA
kama tofauti imekuwa chini ya kikomo cha kufunga kwa dakika 2: FUNGA
kama tofauti imekuwa juu ya kikomo cha kufungua kwa dakika 20, na mvua haijagusa kwa dakika 30: RUHUSU
vinginevyo: baki ulipo

Vikomo viwili tofauti ni lazima. Ukiweka kimoja, wingu la vipandevipande litalifanya paa lifunge na kufungua hadi mota iungue. Ya kuanzia, kwa Arusha wakati wa kiangazi, weka kufunga 14 na kufungua 17. Moshi punguza nyuzi mbili kwa kila kimoja. Hizo ni za kuanzia tu, za kukuwezesha kulala usiku wa kwanza ukiwa na wasiwasi wa kiasi. Utazitupa.

"Haueleweki" maana yake ni nini? Ile 1037.55, bila shaka. Anga lenye joto kuliko hewa kwa zaidi ya nyuzi 5. Unyevu wa sifuri. Namba ambayo haijabadilika hata nukta moja kwa dakika kumi. Pia washa saa ya ulinzi iliyomo ndani ya ESP32, ili programu ikiganda ubao ujianzishe upya.

Hatua ya 6: rilei na paa

Rilei ishikwe na umeme pale tu anga ni salama. Tumia miguu yake ya NO, ile iliyo wazi wakati wa mapumziko. Umeme ukikatika, ubao ukifa, panya akitafuna waya, miguu inaachana na paa linasoma "hatari". Mtu akiiunga kinyume, kifaa kilichokufa kitakuwa kinasema kila kitu shwari, na afadhali usingekuwa nacho.

Sasa, umeme ukikatika na paa linatumia umeme huohuo, nani atalifunga? Kitambua mawingu, kisambaza Wi-Fi na mota ya paa vyote vikae kwenye betri ya volti 12 inayochajiwa na sola au chaja ya ukutani. Mota ya geti la kuteleza ya volti 12 au 24 inafaa kwa paa dogo.

Usiiache rilei ifunge paa moja kwa moja ikiwa darubini inaweza kusimama juu kuliko kuta. Weka swichi ya sumaku inayothibitisha kuwa darubini imelala, na paa lisisogee kabla ya hapo. Wanaotumia Windows, ASCOM (mfumo wa kuunganisha vifaa vya darubini na kompyuta) ina aina ya kifaa iitwayo SafetyMonitor, na programu kama N.I.N.A. huisoma, huilaza darubini, ndipo hufunga. Kwa Linux, INDI hufanya kazi hiyohiyo. Kila taarifa iende na saa yake. Kompyuta ikiona taarifa ya zaidi ya dakika mbili, ihesabu kuwa ni hatari.

Hatua ya 7: namba za anga lako

Kwa wiki chache za mwanzo usikiache kifaa kiamue lolote. Kiandike tu: saa, joto la hewa, unyevu, kiwango cha umande (programu hukihesabu kutoka joto la hewa na unyevu), joto la anga, tofauti. Wewe kila usiku ukitoka nje, hata kama ni kwenda kufunga geti, tazama juu uandike neno moja: safi, nusu, limefunika. Simu inatosha kuandikia.

Ukichora tofauti zote kwenye jedwali utaona marundo mawili. Moja la usiku safi, moja la mawingu, na kati yao bonde. Mkono wako utataka kuweka kikomo katikati ya bonde. Mimi nakiweka karibu na rundo la safi, maana kufunga bila sababu kunapoteza picha moja, na kuchelewa kufunga kunapoteza kioo.

Kisha chukua usiku safi peke yake, uzichore tofauti zake dhidi ya kiwango cha umande. Hapa ndipo kifaa cha nyumbani kinapoanza kuzidi kile cha dukani chenye namba za watu wengine. Tuseme usiku safi wenye kiwango cha umande cha nyuzi 8 hukupa tofauti ya 24, na usiku safi wenye kiwango cha 16 hukupa 18. Umande umepanda nyuzi 8, tofauti imeshuka 6, yaani 0.75 kwa kila nyuzi. Tofauti inayotarajiwa anga likiwa safi ni:

24 − 0.75 × (kiwango cha umande − 8)

Toa 5, upate kikomo cha kufunga. Toa 3, upate cha kufungua. Usiku wenye kiwango cha umande cha 12, anga safi linatarajiwa kutoa 21, unafunga chini ya 16 na kufungua juu ya 18. Usiku wa masika wenye kiwango cha 18, linatarajiwa 16.5, na kikomo cha kufunga kinashuka chenyewe hadi 11.5. Kwa vikomo visivyobadilika vya 16 na 18, usiku huo wote paa lingebaki limefungwa na nyota zikikucheka. Weka namba zako badala ya hizi za mfano. Data za Agosti peke yake hazitoshi kuchora mstari. Ngoja upate walau usiku kadhaa safi wa Novemba au Machi.

Jicho la pili, la mlimani

Kuna kasoro ya mahali petu ambayo michoro ya ughaibuni haiitaji. Meru ina mita 4,562, lakini kutoka katikati ya Arusha kilele chake kimepanda digrii 11 au 12 tu juu ya upeo. Kilimanjaro, mita 5,895, kutoka Moshi mjini hakifiki digrii 10. Kihisi cha utosini kinakomea digrii 45. Wingu linaloufunika mlima na kuanza kushuka upande wako halionekani mpaka limekufikia.

Ongeza MLX ya pili, ya BCC, uielekeze upande wa mlima ikiwa imeinuka digrii 40 hivi. Upana wake wa digrii 35 unafika chini hadi digrii 22 au 23, juu ya bega la mlima. Vihisi vyote viwili vina anwani ileile ya 0x5A, lakini ESP32 ina njia mbili za I2C, ile njia ya mawasiliano ya waya za SDA na SCL. Cha pili kipe pini 18 na 19 kwenye njia ya pili, na ugomvi umekwisha.

Jicho hili lisifunge paa. Kazi yake ni kutoa tahadhari: lilie kengele ndogo karibu na kitanda, au lizuie kompyuta kuanza picha mpya ya dakika kumi. Lina mstari wake wa namba pia. Kutazama kwa mshazari ni kupita kwenye hewa nene zaidi, karibu mara moja na nusu ya ile ya utosini, kwa hiyo anga safi litasoma joto zaidi na tofauti itakuwa ndogo. Usilipe namba za mwenzake.

Kusini sijaweka jicho. Mawingu pekee ninayoyasubiri upande huo ni ya Magellan, galaksi mbili jirani zinazoonekana kama mawingu, na lile kubwa halipandi zaidi ya digrii 24 hivi kutoka huku.

Matunzo

Kila mwezi panda na kitambaa laini chenye maji safi, futa kidirisha cha MLX kwa wepesi, bila sabuni na bila kukwaruza. Vumbi jekundu la Kisongo likichanganyika na umande huwa utando, na utando husoma joto la hewa. Dalili yake iko kwenye daftari: tofauti ya usiku safi inapungua taratibu huku kiwango cha umande kikiwa palepale.

Mwagia kibao cha mvua kijiko cha maji uone rilei ikiachia. Chomoa umeme wa kifaa mchana uone kompyuta inatangaza hatari ndani ya dakika mbili. Fungua boksi kabla ya masika na kabla ya vuli, angalia kutu kwenye miguu ya vibao, badilisha silikoni iliyopasuka, na ukague wavu wa lile tundu la chini kama nyigu hawajaupata.